Chumvi ya kuchemsha kwenye chungu: dalili, chanzo na tiba

Chumvi ikiharibika, mpishi hulaumu moto. Mara nyingi moto hauna kosa. Kosa lilishafanyika kwenye maji kabla kuni hazijawaka, au litafanyika mwishoni, pale mtu anapong'ang'ania kukausha chungu hadi tone la mwisho. Mengi ya yaliyo hapa chini yanarudi kwenye mambo hayo mawili.

Njia tunayoizungumzia ni ile ya kale ya bara: maji ya chumvi, chungu cha udongo, mafiga na kuni. Uvinza, mkoani Kigoma, karibu na mito Malagarasi na Ruchugi, maji ya chemchemi za chumvi yalianza kuchemshwa takribani miaka 1,500 iliyopita. Kibiro, kwenye ufuko wa Ziwa Albert huko Bunyoro, Uganda, kazi ni ya wanawake na inaanzia kwenye udongo: chumvi inakusanywa kwenye udongo kwanza, udongo unachujwa, ndipo maji yanachemshwa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dalili yako, jua uko upande gani. Anayeteka na anayechuja hawaugui ugonjwa mmoja.

Pima kabla ya kuwasha

Jaza chupa ya lita moja hadi alama ileile kila mara, ipime kwenye mizani, ondoa uzito wa chupa. Maji matupu yatatoa gramu 1,000. Maji ya bahari, yenye chumvi kama asilimia 3.5, yatatoa 1,025 hivi. Asilimia 10 ni 1,070, asilimia 20 ni 1,150, na yaliyoshiba kabisa, yaani asilimia 26, yanakaribia 1,200. Kama huna mizani, kausha kata moja kwenye kigae na utazame kilichobaki. Yai bichi nalo ni kipimo: linaanza kuelea maji yakifika kati ya asilimia 10 na 12, ila yai la wiki tatu huelea mapema na kukudanganya. Kujua kama maji yameshiba ni rahisi zaidi. Tupia punje chache za chumvi safi, koroga vizuri. Zisipoyeyuka, yameshiba.

Kipimo hiki ndicho kinachoamua kuni. Kupata kilo 1 ya chumvi kutoka maji ya bahari, lazima ukaushe lita 27 hadi 28. Maji ya asilimia 10 yanadai lita 9. Ya asilimia 20, lita 4. Ya asilimia 25, lita 3 tu. Kwenye mafiga matatu ya wazi, hesabu kilo moja ya kuni kavu kwa kila lita inayopaa. Kuni mbichi zitazidi hapo kwa mbali. Ndiyo maana chemchemi kali za Uvinza zilivuta watu kutoka mbali, na ndiyo maana chumvi ya bahari kwa kawaida huachiwa jua kwanza. Maji yakiwa chini ya asilimia 10, usiwashe. Yaanike kwenye vyombo vipana au yapitishe tena kwenye udongo wenye chumvi.

Dalili: moto unawaka tangu asubuhi, chumvi haionekani

Chanzo cha kwanza ni maji hafifu, na tiba yake umeshaisoma. Chanzo cha pili ni mvua. Chemchemi iliyo kando ya mto hufunikwa au huchanganyika na maji matamu ya mto msimu ukianza, na maji yaliyokuwa makali Agosti yanaweza kuwa bure kabisa Desemba. Kazi ya Uvinza ilikuwa ya kiangazi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mila tu. Kama lazima uteke baada ya mvua, teka chini kabisa: maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini ya maji matamu. Shusha kibuyu chenye mdomo mwembamba kikiwa na kizibo chenye kamba, kizibue kikifika chini.

Chanzo cha tatu ni umbo la chombo. Chungu chenye shingo nyembamba kinarudisha mvuke ndani. Tumia chungu cha mdomo mpana, kina kisichozidi sentimita 25 au 30.

Kuna pia kosa la watu waliosoma kuhusu sukari au shabu: wanachemsha, wanaepua, wanasubiri ipoe ili fuwele zitokee. Chumvi ya kawaida haifanyi hivyo. Gramu 100 za maji baridi zinabeba chumvi gramu 36 hivi, na yakichemka zinabeba 39. Tofauti ni gramu 3. Ukipoza utapata vumbi kidogo chini ya chungu na basi. Chumvi hii inatoka kwa maji kupungua, kwa hiyo endelea kuchemsha na endelea kujaza. Chungu kikishuka robo, ongeza maji ya chumvi yaliyopashwa moto pembeni, hadi utando mweupe uanze kuelea juu.

Ukiwa na kipimajoto, kitumie. Maji yaliyoshiba huchemka nyuzi 8 hadi 9 juu ya maji matupu. Pwani utasoma 108 na zaidi; Uvinza, kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ni 105 hivi. Angalia mikono: tone la maji haya huunguza vibaya kuliko la chai.

Dalili: udongo una chumvi, lakini maji yanayochujika ni hafifu

Hili ni la wanaochuja. Udongo wa Kibiro haukwanguliwi na kutumika palepale. Unatandazwa ukiwa mkavu na tifutifu juu ya ardhi yenye unyevu wa chemchemi. Jua likikausha juu, unyevu unapanda na chumvi yake, chumvi inabaki kwenye udongo wa juu. Unakusanywa, unatandazwa tena, mara kadhaa, hadi ukolee. Ukishachujwa unakaushwa na kurudishwa palepale ulipotandazwa, kwa hiyo udongo uleule hufanya kazi miaka na miaka. Ukiruka marudio haya, hakuna chujio litakalokuokoa.

Vyanzo vingine, kwa mpangilio wa jinsi tunavyovikuta:

Umekwangua kwa kina. Chumvi iko kwenye sentimita moja au mbili za juu. Jembe likizama sentimita tano unabeba mzigo wa udongo mtupu unaokunywa maji yako.

Umekwangua asubuhi. Umande umeshairudisha chumvi chini. Kusanya alasiri, udongo ukiwa umekauka na kung'aa.

Maji yamepata njia ya mkato. Udongo ulioshindiliwa hupasuka, na maji hukimbilia kwenye ufa bila kugusa sehemu kubwa ya udongo. Kwa chungu cha lita 20 chenye matundu ya upana wa kidole kidogo chini, weka vigae, kisha nyasi kavu sentimita 5, kisha udongo hadi robo tatu bila kushindilia. Weka tawi la majani juu ili maji yasichimbe shimo, mimina polepole hadi yafunike udongo kwa kidole kimoja, na uache yashuke yenyewe.

Umechanganya maji yote. Hapa ndipo wengi wanapoteza kuni. Maji ya kwanza kutoka ndiyo makali. Kila kata inayofuata ni dhaifu kuliko iliyotangulia. Pokea kwenye vyombo tofauti. Chombo cha kwanza kinakwenda jikoni. Yanapofika ladha ya maji ya bahari, usiyachemshe na usiyamwage: ndiyo maji ya kumwaga juu ya udongo mpya kwenye chungu kinachofuata. Vyungu vitatu vikifuatana hivi hutoa maji mara mbili au tatu ya ukali wa chungu kimoja.

Dalili: chumvi ya kijivu, au ina mchanga

Kama maji yenyewe yalikuwa na ukungu kabla ya moto, tatizo ni matope. Kata chache za kwanza kutoka kwenye chujio zirudishe juu, kisha acha yaliyochujika yatulie usiku kucha, uyamimine kwa upole na kuacha sentimita mbili za chini. Chumvi yenyewe husaidia udongo kuzama, kwa hiyo maji makali hutulia haraka kuliko ya mtoni. Yakiwa safi kabla na kijivu baadaye, ni majivu na masizi. Weka mdomo wa jiko upande upepo unakotoka, na jenga ukingo wa udongo kati ya moto na mdomo wa chungu.

Chumvi ya kahawia au yenye madoa ya machungwa ni kutu. Imetoka kwenye sinia la chuma au kijiko. Sufuria ya alumini pia isiwekwe hapa, maji ya chumvi yanaitoboa. Tumia upawa wa mti au kifuu.

Dalili: povu halikomi na linafurika

Povu ni la majani, mizizi na vijidudu vilivyomo kwenye maji au udongo. Lienguliwe kila linapopanda, kabla fuwele hazijaanza, kwa sababu likibaki linakamatwa ndani ya chumvi na kuipa rangi na harufu.

Likizidi, tumia ute wa yai. Piga ute wa yai moja kwenye lita kadhaa za maji ya chumvi ya vuguvugu, kisha mimina kata moja ya mchanganyiko huo kwenye kila chungu kabla hakijachemka. Ute unaganda maji yakifika nyuzi 60 na kitu, unapanda juu ukiwa umebeba uchafu wote, unauengua kama utando wa maziwa. Huko Droitwich, Uingereza, karne ya 17, walitumia robo tu ya ute wa yai moja kwa kazi hii. Wachemshaji wa Ulaya walitumia pia damu ya ng'ombe, inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kwa wasomaji wengi wa hapa damu ni najisi, na yai linatosha. Usiongeze ute maji yakiwa yanachemka tayari. Utaganda vipande vipande na kubaki ndani.

Dalili: ukoko mweupe mgumu chini ya chungu

Onja. Kama hauna ladha na hauyeyuki kwenye maji, ni chokaa au jasi, si chumvi. Vitu hivi viwili hutangulia kutoka maji yakipungua, chokaa kwanza, jasi baadaye, na chumvi ni ya tatu. Ukikwangua ukoko huo pamoja na chumvi unapata chumvi inayokwaruza meno. Ukiuacha unene, moto haupiti vizuri na kitako cha chungu kinapata joto kali mahali pamoja hadi kipasuke.

Tumia vyungu viwili. Chemsha cha kwanza hadi utando wa kwanza wa chumvi uonekane, kiepue, acha kitulie dakika chache, mimina maji ya juu kwenye chungu cha pili na umalizie huko. Ukoko utabaki kwenye cha kwanza, na hicho kibaki na kazi hiyo moja daima.

Dalili: chumvi ni chungu, inauma ulimi au inaharisha

Hii ndiyo lawama kongwe kuliko zote. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita Uvinza mwaka 1858, aliisifu chumvi ya huko na kuiweka juu sana ya ile chungu ya Ugogo, nchi ya Wagogo. Uchungu una vyanzo vinne, na tiba hazifanani.

Kwanza ni magneziamu. Ipo kwenye maji ya bahari na kwenye chemchemi nyingi. Haitoki na chumvi, inabaki kwenye maji hadi mwisho kabisa. Anayekausha chungu chote anaila yote. Kwa hiyo anza kuzoa chumvi inapotoka, na simama maji yakibaki robo ya kiasi kilichokuwepo utando wa kwanza ulipotokea. Maji hayo yanateleza kidogo ukiyasugua kati ya vidole na ni machungu hadi kooni. Yamwage mbali na chemchemi na mbali na bustani. Mabahili wanayarudisha kwenye chungu kinachofuata. Kesho yake wanauliza kwa nini chumvi imeharibika mapema.

Pili ni salfeti ya sodiamu, ile inayolegeza tumbo. Maji ya Ziwa Katwe, Uganda, yanayo kwa wingi. Hii, tofauti na chumvi, inaogopa baridi: ukiyaacha maji yaliyoshiba usiku wa nyuzi chini ya 18, sehemu yake inajitenga kama vipande vya kioo. Mimina maji ya juu asubuhi na mapema, kabla ya jua. Pwani dawa hii haiwezekani, usiku hauna baridi hiyo.

Tatu ni magadi. Ladha yake ni ya sabuni. Kamulia ndimu juu ya chumvi: ikitoa mapovu mengi na ukoko wa chokaa haumo, ni magadi. Kuyatenga na chumvi kwa chungu na kuni ni kazi isiyolipa. Tafuta chemchemi nyingine, au uza mzigo huo kwa wapika maharage na wenye mifugo kwa jina lake halisi.

Nne ni potasiamu, inayochoma ulimi kisha kuacha uchungu. Mara nyingi ni ya chumvi ya majivu ya matete na nyasi, au ya maji yaliyoingiwa na majivu mengi ya jikoni. Nayo hukaa kwenye maji ya mwisho, ingawa ikipoa sehemu yake hudondoka. Kwa hiyo zoa chumvi ikiwa ya moto.

Chumvi iliyoharibika tayari inaweza kuoshwa. Tengeneza maji yaliyoshiba kwa chumvi nzuri, weka chumvi chungu kwenye kapu, mimina lita moja kwa kila kilo tano, mara mbili. Maji yaliyoshiba hayawezi kuyeyusha chumvi zaidi, ila yanasomba uchungu ulioganda nje ya chembe. Ukitumia maji matamu utaosha na chumvi yenyewe.

Dalili: chumvi inalowa ikiwa ghalani

Magneziamu tena. Chumvi safi huanza kulowa unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi. Kloridi ya magneziamu huanza unyevu wa hewa ukiwa theluthi moja tu, yaani karibu kila siku ya mwaka. Chumvi inayolowa wakati wa kiangazi haikukamuliwa. Iweke kwenye kapu lenye ncha chini, litundike juu ya jiko siku tatu au nne, na pale kwenye ncha kinga yale matone. Usiyarudishe chunguni. Chumvi inayolowa pwani wakati wa masika peke yake haina kosa. Ni hewa.

Dalili: chembe ndogo mno, au kubwa mno

Moto mkali na kukoroga huzaa unga. Maji yasiyotikisika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, juu ya makaa, huzaa chembe kubwa, na baadhi huelea kama vipiramidi vitupu vilivyopinduliwa kabla ya kuzama. Unga huyeyuka haraka chakulani. Chembe kubwa zinafaa ng'onda, kwa sababu unga hukausha ngozi ya samaki kabla chumvi haijaingia ndani. Chumvi ikiruka na kupasukapasuka chunguni, umechelewa: maji yamekwisha chini, na yale yaliyofungwa ndani ya chembe yanageuka mvuke.

Dalili: chungu kinapasuka, kinavuja au kinamenyuka

Kikipasuka siku ya kwanza kwa mlio, kilikuwa na unyevu au kilipata maji baridi kikiwa cha moto. Kipashe polepole nusu siku kikiwa kitupu, na usiongeze maji yasiyopashwa.

Kikivuja taratibu, chemshia uji mwembamba mara moja kabla ya kukitumia kwa chumvi. Wanga huziba vitundu. Angalia pia kilichochanganywa kwenye udongo. Vigae vilivyosagwa hutanuka sawa na chungu chenyewe. Maganda ya kombe yaliyosagwa, moto wa kuchomea ukizidi nyuzi 700 hivi, hugeuka chokaa hai, ambayo ikipata unyevu inavimba na kubandua vipande.

Kikiota chumvi nje na kumenyuka maganda maganda, hakuna tiba kamili. Maji yamepenya ukuta, yamekauka, fuwele zimekua ndani ya udongo na kuusukuma. Kinachoua zaidi ni kulowa na kukauka kwa zamu, kwa hiyo chungu kinachofanya kazi mfululizo huishi kuliko kinachopumzika kila siku ya pili. Msimu ukiisha, kiloweke maji matamu siku tatu, ukibadilisha maji kila siku, ndipo ukianike. Hata hivyo weka akiba: panga kuvunja vyungu, na uwe na mfinyanzi karibu. Vigae vilivyorundikana Uvinza na Kibiro ni vya watu waliojua kazi vizuri kuliko sisi.

Jambo la mezani: chumvi ya chemchemi iliyochemshwa hivi haihesabiwi kuwa na madini joto. Kwa maonyesho, ngozi au ng'onda inafaa ilivyo. Nyumbani isiwe chumvi pekee ya familia, hasa palipo na mjamzito.